Msipike Namba

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa sekondari moja ya hapa Tanga katika siku yao ya sayansi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviondoa, na mambo mawili matatu niliyoyaruka siku ile kwa sababu ya jua kali nimeyarudisha.

Mkuu wa shule, walimu, wazazi mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii mje kutusikiliza, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mwanafunzi ajifunze nini kuhusu sayansi na teknolojia. Nadhani aliyeiandika alitegemea nitakuja na roboti. Sina roboti. Nimekuja na uzi, jiwe, na saa hii ya kupimia, ambayo naiweka hapa mezani, tutairudia. Wala mimi si profesa. Nilikuwa fundi sanifu maabara kwa miaka 31, yaani yule mtu anayebaki kuosha vyombo mkishaondoka, na anayejua nani alivunja bika akaificha nyuma ya sinki. Mtu wa kazi yangu haonekani sana, lakini yeye anawaona. Na nilichokiona katika miaka hiyo yote ni mapishi.

Naona mmeanza kutazamana. Vizuri, tunaelewana.

Chukueni jaribio la pendulamu. Unafunga jiwe kwenye uzi, unalining'iniza, unalivuta kidogo pembeni na kuliachia. Unahesabu bembea 20 za kwenda na kurudi, unaandika muda. Unabadilisha urefu wa uzi, unarudia mara tano, unachora grafu, unatafuta mteremko wake, na kwenye mteremko unapata g, mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani jinsi kitu kinachoanguka kinavyoongeza kasi. Kitabu ndivyo kinavyosema. Maabara nimeona kitu kingine. Mnajua jibu ni 9.8, kwa hiyo mnaanzia huko. Mnarudi kinyumenyume kutoka kwenye jibu hadi kwenye grafu, kutoka kwenye grafu hadi kwenye jedwali, na mnaandika sekunde ambazo hazikuwahi kupita. Mmoja wenu, mwenye akili kuliko wengine, anazitikisa namba mbili tatu zisikae kwenye mstari sawasawa, ili mwalimu asishtuke. Muda wote huo jiwe limelala mezani.

Sikuja kuwagombeza. Nami nilipika, na nilikuwa mpishi hodari, nikapewa tiki zangu. Nilikuja kushtuka nikiwa tayari nimeajiriwa, na kilichonishtua ni saa hii.

Shule yangu ya kwanza kazini ilikuwa na saa sita za kupimia. Tano zilikuwa zimekufa. Ikabaki moja, makundi yakawa yanapokezana. Mwaka wangu wa pili pale, wakati wa michezo ya mchujo, mwalimu wa michezo aliazima saa hiyo kwangu. Kijana wa kidato cha pili akakimbia mita 100 kwa sekunde 10.9. Pekupeku. Kwenye nyasi. Mwalimu alishaanza kutafuta nauli ya kumpeleka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimesimama pale mwisho wa uwanja, nikamtazama yule mtoto, nikaitazama saa, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikajiuliza swali ambalo nililipwa mshahara kujiuliza: hivi hii saa nayo nani aliipima?

Usiku ule nikakaa na redio. Ulipolia mlio wa saa mbili kamili nikaibonyeza. Ulipolia wa saa tatu nikaisimamisha. Saa nzima imepita, nayo ilikuwa imehesabu dakika 57.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Saa inayochelewa dakika 3 kwa kila 60 inaonyesha muda mfupi kuliko ule uliopita kweli. Sekunde 10.9 za kijana wetu zilikuwa karibu 11.5, na nauli ikarudi mfukoni. Lakini turudi maabara. Katika hesabu ya pendulamu, muda unapigwa kipeo cha pili, na uko chini ya mstari wa mgawanyo. Muda ukipungua asilimia 5, g inapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyeitumia saa ile kwa uaminifu alipaswa kupata g ya karibu 10.8. Kila mmoja, bila kumbakisha hata mmoja.

Asubuhi nikafungua kabati la madaftari ya zamani. Nikayapitia ya miaka miwili. 9.8. 9.79. 9.81. 9.8. Mmoja alipata 9.80665 kwa uzi wa kushonea na rula ya mbao, Mungu amsamehe. Saa mbovu imezunguka mikononi mwa watoto zaidi ya mia, na hakuna hata namba moja iliyopiga kelele.

Nasema uongo, ilikuwepo moja. Daftari la msichana mmoja lilikuwa na 10.8, hesabu zake safi, grafu yake imenyooka. Chini yake wino mwekundu: "Rudia kazi." Ukifunua ukurasa wa pili amerudia, na amepata 9.8. Yule binti alijifunza kitu siku ile, na fizikia haikuwemo.

Nimewaza sana juu ya ukurasa ule. Alikuwa mtu pekee katika jengo lote mwenye ushahidi kwamba chombo kimeharibika. Tungemsikiliza, tungeijua saa miaka miwili mapema. Badala yake tulimfundisha kwamba macho yake yana makosa na kitabu kina haki. Mimi nilikuwa chumba cha pili, naosha vyombo.

Sasa hiyo 9.81 yenyewe inatoka wapi? Wengi mnadhani ni namba iliyoshushwa ikaenea dunia nzima kwa usawa. Si hivyo. Hapa Tanga si 9.81. Hapa ni 9.78. Mvutano unapungua kidogo kadiri unavyoikaribia ikweta, na sisi tuko nyuzi 5 tu kusini yake. Vitabu vingi tulivyorithi viliandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, nao waliandika ya kwao.

Jambo hilo liligunduliwa na mtu aliyekataa kupika. Mwaka 1672 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimtuma mwanaastronomia mmoja, Jean Richer, kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, kuitazama sayari ya Mirihi. Alikwenda na saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris ikawa inakwenda sawasawa. Kufika Cayenne, saa ikawa inachelewa. Kila siku dakika mbili na nusu. Ili ipige sekunde kamili ilimbidi aufupishe mkono wa pendulamu kwa kiasi kisichofika milimita 3. Milimita 3 katika karibu mita nzima! Mngekuwa nyinyi mngesema nini? "Joto limeirefusha." "Safari ya meli imeichakaza." Huko Ulaya walikuwepo wakubwa wa fani waliosema maneno ya namna hiyo. Richer alirudia kipimo kwa miezi, akaandika alichokiona, akarudi nacho nyumbani. Baadaye Newton, mwaka 1687, akaitumia tofauti ile ndogo kuonyesha kwamba dunia si duara kamili, imevimba katikati. Leo tunajua kutoka kiini cha dunia hadi ikweta ni kilomita 21 zaidi kuliko kutoka kiini hadi ncha.

Na mnajua Cayenne iko wapi? Nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Sisi nyuzi 5 kusini. Kipimo cha Richer ni kipimo chetu. Pendulamu ya kupiga sekunde, ambayo Paris ina urefu wa karibu milimita 994, hapa Tanga inataka milimita 991. Mwanafunzi wa Tanga anayejilazimisha kupata 9.81 anaifuta kwa mkono wake mwenyewe habari ambayo Richer alivuka bahari kuifuata.

Lakini tusidanganyane. Kwa uzi huu na saa isiyo mbovu, mnaweza kuitofautisha 9.78 na 9.81? Kwa bembea 20 hamwezi. Uzi wa mita moja unabembea mara 20 kwa takriban sekunde 40. Kidole chako kinachelewa au kinawahi, tuseme, sehemu mbili za kumi za sekunde. Hiyo peke yake inaipeleka g juu au chini kwa karibu 0.1. Kwa hiyo anayepata 9.7 yuko sahihi, anayepata 9.9 yuko sahihi, na darasa la watu 40 ambalo wote wamepata 9.8 ndilo la kuitiwa polisi. Ukitaka kuiona tofauti ya Richer, hesabu bembea 200 badala ya 20, pima uzi hadi katikati ya jiwe badala ya kuishia kwenye fundo, rudia siku kadhaa. Itakuchosha. Sayansi nyingi ni kazi ya kuchosha, na walimu wanaowaambia kwamba sayansi ni burudani tupu wanawaandalia kukata tamaa.

Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mtoto atoke nacho sekondari, hata yule atakayekwenda kuuza mitumba, ni hiki: andika ulichokiona kwa kalamu ya wino, kabla hujakokotoa, na uandike pembeni yake unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani. Hilo la pili hatulifundishi kabisa. Tunawafundisha jibu, hatuwafundishi upana wa jibu.

Sasa niwapeleke hapo juu milimani, maana huwezi kuzungumza sayansi Tanga ukamruka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo. Siku hiyo mwenzake mmoja aliwahi, akachanganya maziwa bila hata kuyachemsha, akaweka. Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi, akayatia yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapa hapa Tanga mjini alimwambia kwamba wao huweka mchanganyiko wa moto makusudi, unaganda haraka. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua, na darasani lilikuwa kosa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa ndiyo dhihaka yake: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne, kama alivyokiri mwenyewe, alidhani kijana amekosea, ila aliahidi kulijaribu.

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu anaingia mtu wa kazi yangu. Osborne aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi fundi wa maabara. Fundi akafanya, akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa moyo safi kabisa kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Chekeni tu. Mimi nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza sikucheka, nilijiona kwenye kioo.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja; Mpemba wakati huo alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Jina lake likaenda duniani, na mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake. Hadithi huishia hapo mara nyingi, watu wanapiga makofi. Mimi nitawaongezea kipande ambacho wazungumzaji wengi hukiacha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya kwa uangalifu mkubwa na kukusanya vipimo vya wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba ukiweka kipimajoto juu kidogo au chini kidogo, kiasi cha sentimita tu, unaweza kupata jibu la Mpemba au kulikosa. Miaka minne baadaye, Canada, Avinash Kumar na John Bechhoefer wakalionyesha jambo linalofanana na hilo bila shaka yoyote, ila kwa chembe ndogo sana zinazosukumwa ndani ya maji, si kwa maziwa ya kwenye friza. Kuhusu maji yenyewe watu bado wanabishana. Wengine wanataja mvuke unaopotea, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine barafu ya chini ya friza inayoyeyushwa na chombo cha moto kikagusa vizuri zaidi.

Kuna watu hunikasirikia nikisema hivi, kana kwamba nimemvua Mpemba nishani yake. Naona kinyume. Mtoto wa Magamba aliuliza swali zaidi ya miaka 60 iliyopita na mpaka leo watu wazima wenye vyombo vya bei kubwa wanalihangaikia. Nani mwingine hapa amewahi kuuliza swali la namna hiyo? Na swali lenyewe lilianza kwa kukataa kusema kwamba hakuona alichokiona.

Teknolojia. Najua mnaingoja.

Simu haziruhusiwi shuleni, walimu msinitazame hivyo, nazungumzia zile za nyumbani. Ndani ya simu ya kupapasa kuna kichombo kidogo kinachopima mchapuko. Ndicho kinachojua umeilaza au umeisimamisha, skrini ikageuka. Kuna programu za bure zinazokuonyesha namba yake. Ilaze simu mezani, itulie, utaona inasoma g. Wazeni: kila mmoja kwenu anatembea na jaribio la Richer mfukoni, na anatazamia video. Lakini laza simu tano pamoja. Moja itasema 9.74, nyingine 9.83, nyingine 9.79. Hapo ndipo somo linapoanza. Ipi ni kweli? Nani aliipima simu? Mwanafunzi anayeweza kukaa na simu hizo tano jioni nzima na kufikiria njia ya kujua ipi inadanganya, na kwa kiasi gani, huyo kwangu amesoma teknolojia. Yule anayejua kutaja majina ya matoleo mapya amesoma bei.

Na hii akili mnemba. Mpwa wangu alipewa kazi ya nyumbani ya pendulamu, nikamkuta ameiambia simu imwandalie jedwali. Ikamwandalia kabla sijakaa. Urefu tano, muda tano, desimali mbili mbili, namba zimetikiswa kidogo zisinyooke mno, g ni 9.81. Nilikaa kimya nikaitazama. Imeshinda ujanja wetu wote wa miaka 31. Haikushika uzi, haikuona jiwe, haikujua kwamba tuko Tanga. Sisemi msiitumie, mimi huiuliza nisichokielewa, na mara nyingi inanieleza kwa subira kuliko binadamu. Lakini haina mkono. Kipimo cha chumba hiki, cha leo, cha uzi huu, haiwezi kuwa nacho mpaka mmoja wenu aupime. Mkizoea kupika, mjue kuna mpishi aliyewazidi mbali, na hataomba mshahara.

Wazazi nao wasione nazungumzia mambo ya maabara tu. Mama mmoja hapa mbele naona anauza nafaka. Mama, unakijua kisado kilichobonyezwa kitako. Unaijua lumbesa, gunia lililojaa kisha likavishwa kofia ya nyavu, mkulima akalipwa kama gunia moja. Huko kote tunaibiana kwa vipimo, na tunaibiana kwa sababu anayeibiwa hana mazoea ya kupima. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na kugonga mihuri, sawa, lakini hawawezi kuwa kila kona ya soko. Mtoto wako wa kidato cha kwanza anaweza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nenda sokoni na chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa, iweke kwenye mizani. Isome kilo moja na nusu, na gramu chache za plastiki juu yake. Ikisoma 1.8, nunua kwingine. Nimemfundisha jirani yangu hilo, sasa wauza nyama wa mtaa wetu wakimwona anakuja na chupa wanaanza kusafisha mizani.

Kuna jambo moja zaidi, na hili walimu mtanisamehe. Watoto wanapika pia kwa sababu hawakuelewa walichoambiwa wafanye. Wametoka msingi na Kiswahili, wameingia kidato cha kwanza wakakutana na Kiingereza na fizikia mlango mmoja. Nimesimama nyuma ya makundi mengi nikawasikia wakisoma maelekezo kwa sauti kama dua, kisha kimya, kisha mmoja anauliza, "Jibu ngapi?" Mtihani ni wa Kiingereza, nakubali, kisomeni na mkiweze. Lakini mkiwa mezani na vyombo, bishaneni kwa lugha mnayoweza kugombana nayo. Pendulamu ni nini? Ni timazi. Fundi mwashi anayejenga ule uzio pale nje ana timazi, na anajua ikianza kubembea lazima aisubiri itulie, na anajua ya uzi mrefu inakawia kuliko ya uzi mfupi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anajua fizikia. Mwiteni siku moja darasani, chai mtamnywesha.

Na wavuvi. Hapa nawapa kazi ya likizo, mwalimu wa jiografia ananisaidia kuikagua. Chomekeni mti ufukweni, ulioandikwa sentimita kwa rangi, mahali ambapo maji yanafika hata yakipwa. Kwa wiki mbili, zamu kwa zamu, andikeni kina kila saa kutoka alfajiri hadi magharibi. Kabla hamjaanza, mwendeeni mzee anayevua, mumuulize bamvua, yale maji makubwa, itaanza lini, na maji mafu, yale madogo, lini, na siku za bamvua maji yanajaa saa ngapi. Atawaambia karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, wala hatatazama kitabu. Andikeni alichosema, kwa wino, na tarehe. Kisha pimeni. Mtaona kujaa kunachelewa kila siku kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unachelewa hivyo kuchomoza. Mtaona bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo. Na mtaona bamvua yenyewe haiji siku ile ile ya mwezi mpevu au mwandamo. Inakawia siku moja au mbili. Mzee atakuwa alishawaambia hilo. Muulizeni kwa nini. Kisha mje muwaulize walimu wenu kwa nini, na mtazame nyuso zao.

Kuna siku mvua itanyesha na hakuna atakayetaka kwenda ufukweni. Siku hiyo acheni nafasi tupu kwenye jedwali. Nitayapitia madaftari hayo mwenyewe, mkuu wa shule ameniahidi chumba, na nawaambia mapema: jedwali lisilo na tundu hata moja kwa wiki mbili, hilo nitalisoma kwa miwani miwili.

Sasa saa. Nilipostaafu niliomba niondoke nayo, nikapewa, hakuna aliyekuwa akiitaka. Naiacha hapa kwenye maabara yenu. Sijaipeleka kwa fundi. Bado inachelewa, lakini imezeeka kama mimi, sidhani inachelewa dakika 3 zile zile. Mwenye kutaka kujua ni ngapi, redio ipo ofisini kwa mkuu wa shule, na saa hizi inakaribia saa sita kamili. Wewe binti wa mstari wa pili uliyekuwa unaandika, njoo uichukue. Ufunguo wake uko hapa nyuma, ivute kwanza.